Daktari wa Chumba cha Kufulia

Callixte aliiona bahati yake imelala juu ya meza ya mitumba, pale kiwanjani mbele ya maduka ya Hallunda, kitongoji cha jiji kuu la Uswidi, kati ya pasi iliyokatika waya na bata wa kauri asiye na mdomo. Ilikuwa miwani, lakini si ya kusomea. Lilikuwa dude jeusi, kubwa kama nusu ya boksi la viatu, lenye mkanda wa kufungia kichwani na waya mrefu wa kuchomeka kwenye kompyuta.

"Hii kazi yake nini?" akamwuliza muuzaji, msichana wa Kiswidi aliyevaa kofia ya sufu ingawa ulikuwa mwezi wa nane.

"Michezo ya kompyuta. Ilikuwa ya kaka yangu. Ukiivaa unaona uko chini ya bahari. Alitapika kwenye zulia, mama akasema itoke nyumbani."

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Callixte hakuwa mtu mwingine. Asubuhi ile ile, ndani ya treni, alikuwa amesoma gazeti la bure mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu hakuwa na tiketi na gazeti lilimsaidia kuficha uso. Humo akakuta habari fupi: kuna wataalamu wanaowafundisha watoto na vijana wenye usonji kwa uhalisia pepe. Mtoto anavalishwa miwani, anajikuta dukani, au darasani, au barabarani, mahali ambapo hakuna wa kumsukuma wala wa kumcheka. Anajaribu, anakosea, anarudia, mpaka anazoea. Callixte aliyasoma maneno yale mawili, uhalisia pepe, kwa heshima kubwa. Maisha yake yote amekuwa akiwauzia watu vitu visivyokuwepo. Hakujua kwamba jambo hilo siku hizi limekuwa sayansi.

Akainunua miwani, na kwa sababu alikuwa na ulimi, akapewa na bata wa kauri kama nyongeza.

Tumweleze kidogo. Callixte alikuwa Mrundi wa Husby, upande wa pili kabisa wa jiji. Alivaa koti refu la kijivu na skafu ya hariri, na sauti yake ilikuwa laini kama siagi iliyosahauliwa mezani. Huko Husby alikuwa amekwisha kuuza maji ya kupaka viatu ili mtu asiteleze kwenye barafu, na kanda ya kumfundisha mtu Kiswidi akiwa usingizini. Wateja wa maji walianguka. Wateja wa kanda walilala vizuri sana. Basi Husby pakawa padogo kwake, akaona ni afadhali apande treni aje Hallunda, ambako jina lake lilikuwa bado safi.

Lakini tusimwonee. Hakuwahi kumdanganya mtu anayelia, na kituoni, akimwona mama na gari la mtoto mbele ya ngazi, alilishika upande mmoja bila kuombwa. Mtu akiwa mwongo si lazima awe mwongo mwili mzima.

Hallunda nzima ilijua kwamba Bibi Fébronie ameuza shamba la marehemu mumewe, huko kwao kilimani, karibu na mji wa Ngozi. Ilijulikana pia kwamba anaishi na binti yake Dafrosa, muuguzi wa hospitali ya Flemingsberg, na mjukuu wake Bella, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye usonji. Callixte aliziweka habari hizo mbili kando kando, kama mtu anayepanga kikombe na kisahani, akaona zinaoana.

Jumapili, baada ya ibada ya Warundi, kahawa ikimiminwa kwenye vikombe vya karatasi, akaketi karibu na Bibi.

"Amahoro, Mama. Mimi ni Daktari Callixte."

"Amahoro, mwanangu. Daktari wa nini? Maana nina goti."

"Si wa magoti, Mama. Wa kufundisha watoto wenye usonji. Nafanya uhalisia pepe."

"Kama ni mambo ya mapepo, mchungaji yule pale, mwone kwanza."

"Ni sayansi, Mama! Mtoto anavaa miwani, anaona dunia. Anajifunza pasipo mtu kumpigia kelele. Imeandikwa mpaka kwenye magazeti."

Bibi Fébronie aliweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, jambo ambalo watu waongo hulipenda mwanzoni.

"Nitakuambia haja yangu," akasema. "Mwezi ujao shule inawapeleka watoto kuonja kazi, wiki nzima. Waswidi wanaita prao. Bella anataka kwenda kwa waoka mikate, pale madukani. Hataki pengine. Tangu mdogo akipita pale anasimama kunusa. Wamemkubali. Lakini kila tukimpeleka hata kusalimia, anafika mlangoni anageuka, anakimbia. Mwalimu ni mtu mwema, ameniambia: Bella asipoweza kuingia mwenyewe, itabidi wiki hiyo akae shuleni peke yake, wenzake wote wakiwa kazini. Amelia siku mbili. Na yeye si mtoto wa kulia."

"Mama, umefika kwa mtu mwenyewe."

"Na gharama?"

Hapa ndipo palipokuwa na usanii wa Callixte. Laghai mchanga hutaja bei. Laghai aliyekomaa humwachia mteja aitaje moyoni, maana moyo wa bibi hauna kikomo.

"Mtoto ana bei, Mama?" akasema, mkono kifuani. "Tukimaliza, utanipa kile utakachoona kinamfaa mtu aliyemfungulia mtoto mlango."

Bibi akamtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama maziwa kujua kama yameganda.

"Sawa. Hutaondoka mikono mitupu. Nitakupa kitu cha heshima, na nitakupa mbele za watu."

Hilo la mbele za watu halikumpendeza sana Callixte, lakini kitu cha heshima kilimpendeza mno.

Nyumbani kwa Dafrosa kulikuwa na redio, simu na majirani wanaoingia bila kubisha. Bella aliyachukia yote matatu. Kwa hiyo alasiri ile ile Bibi alichukua kikufuli cha nyumba yao akakifunga kwenye ubao wa zamu, ambako kila nyumba hufunga chake kwenye saa inayoitaka, akashika zamu ya chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo. Bella alikipenda chumba kile. Mashine zilinguruma kwa sauti moja, na hakuna mashine hata moja iliyowahi kumwuliza hali. Callixte akaweka kompyuta yake juu ya meza ya kukunjia mashuka, akafuta vumbi kwenye miwani kwa skafu yake ya hariri, akasema kwa sauti ya kanisani, "Tunaanza."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Ndani ya miwani mlikuwa na bahari na samaki, basi. Lakini mvaaji ndiye peke yake anayeona, na watoto wa namna hii, alidhani, hawana maneno. Angesema mtoto yuko dukani, nani angebisha?

Bella akavaa. Mabega yakashuka.

"Unaona nini, mjukuu wangu?" Bibi akauliza.

"Samaki," Bella akajibu kwa Kiswidi. Alikuwa akijibu kila kitu kwa Kiswidi, na kila alichojibu kilikuwa kweli.

"Na duka la mikate?"

"Hakuna. Ni samaki tu. Mmoja anapita katikati ya jiwe. Programu ni mbovu."

Callixte akainamia kompyuta, akabonyeza kitufe kisicho na kazi. Akacheka kitaalamu. "Hii ni hatua ya maji, Mama. Tunatuliza akili kwanza."

"Ametulia kweli," Bibi akasema. "Basi kesho atuoneshe duka."

"Kesho?"

"Au sayansi haifanyi kazi Jumatatu?"

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Dafrosa, bado na nguo za hospitali, macho mekundu kwa usingizi. Akamtazama Callixte kutoka kwenye skafu mpaka kwenye viatu.

"Mama," akasema, "huyu mtu sura yake kama naijua. Kuna mtu kule Husby alikuwa anauza maji ya—"

"Mwache ale kwanza," Bibi akasema.

Callixte aliamua kukimbia jioni ile ile. Alishafika kituoni, treni ishaingia, na mkononi alikuwa na mfuko aliopewa na Bibi wakati wa kuagana. Ndani mlikuwa na wali na maharage ya moto, vimefungwa kwa taulo ili visipoe mpaka Husby. Chini yake mlikuwa na soksi nzito za sufu. "Nimeona viatu vyako ni vya heshima," Bibi alikuwa amesema, "lakini ndani huna kitu. Baridi inakuja." Hakuna aliyewahi kugundua hivyo. Callixte akavaa soksi palepale kwenye benchi. Ni vigumu kumkimbia mtu ukiwa umevaa soksi zake. Treni ikafunga milango, ikaenda bila yeye.

Na zaidi ya hayo, alijiambia, shamba la Ngozi halikuwa shamba dogo.

Kesho yake asubuhi akaingia kwenye duka la mikate na kamera ndogo ya kuazima, ameifunga kwenye paji la uso kwa ile skafu. Nyuma ya kaunta alikuwa Milly, Mganda mnene mwenye kicheko cha kujaza chumba, unga mpaka kwenye nyusi.

"Ssebo, wewe ni polisi ama ni mgonjwa?"

"Ni mtafiti, dada. Napiga picha za kumfundishia mtoto."

"Mtoto gani?"

Callixte akafungua kinywa kutoa uongo uliokuwa tayari, ukweli ukatoka badala yake, pengine kwa sababu ulikuwa karibu. Akamweleza habari za Bella.

"Yule anayenusa mlangoni?" Milly akasema. "Ah! Mimi humwachia mlango wazi makusudi, anuse vizuri. Piga picha zako. Lakini sikupi nafasi bure. Kuna mifuko ya unga kule nyuma, na kijana wangu leo mgongo unamsumbua."

Hivyo Daktari Callixte, ambaye tangu afike Ulaya hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko ahadi, akabeba mifuko ya unga mpaka koti la kijivu likawa jeupe. Kisha akapiga picha za video: mlango, kengele ya mlango, kaunta, tanuri, ndoano ya aproni.

Jioni Bella alizitazama picha zile ndani ya miwani kwa umakini wa jaji.

"Nikigeuza kichwa, duka haligeuki."

"Ni kawaida."

"Si kawaida. Duka la kweli linageuka."

Callixte akaenda kwenye chumba cha takataka kubwa za jengo, akakuta kiti cha ofisi cha kuzunguka. Akakipeleka kwa Milly, akakaa juu yake katikati ya duka, kamera kichwani, wateja wakimpisha huku na huku, naye akajizungusha polepole kama kuku wa kuchoma. Jioni akamketisha Bella juu ya kiti hicho hicho, akakizungusha sawasawa na picha. Picha ikienda kushoto, kiti kushoto. Kiti kililia sana. Mzee wa Kiswidi wa ghorofa ya tatu akaja na mapazia yake mkononi, tayari kugomba kwamba zamu imepita. Akasimama. Akamtazama msichana mwenye dude usoni na mwanaume mwenye jasho anayemzungusha. Akarudi juu, akashuka na kichupa cha mafuta ya mashine, akayatia kwenye magurudumu mpaka kiti kikanyamaza, kisha akachukua mapazia yake akaenda kungoja zamu nyingine.

"Sasa ni vizuri," Bella akasema.

Ikawa kazi ya kila siku. Bella akikosoa, Callixte anarudi. Kengele ya mlango haikusikika, akarudi. Picha ilikuwa ya mchana na yeye ataenda asubuhi, akarudi asubuhi. Kila mara alikuta mifuko ya unga inamngoja. Kila mara Bibi alimngoja na chai na ndizi, na akimsifu. "Daktari gani huyu hachoki!" alisema, na Callixte, ambaye alikuwa amechoka mpaka kwenye kope, aliona haya kukaa.

Likabaki jambo moja, nalo ndilo lililokuwa jambo lenyewe.

"Nikiingia, atanishika mkono," Bella akasema.

Bibi akashusha pumzi. Warundi kwa salamu hawana mchezo. Kanisani mtu hushikwa mkono, hukumbatiwa, huulizwa habari za nyumbani, kisha hushikwa tena ili ijulikane kwamba majibu yamepokelewa. Kwa Bella kila mkono ulikuwa kama kugusa chungu cha moto. Watu wakasema ana kiburi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa akiungua tu.

"Hilo dogo," Callixte akasema. Akampiga picha Milly akinyoosha mkono mbele ya kamera, akitabasamu. Bella alipouona ule mkono ukimjia ndani ya miwani, aliivua, akaiweka chini polepole ili isivunjike, akaenda kujikunyata nyuma ya mashine ya kukaushia.

Bibi alikuwa amepanda juu kuchukua chai. Callixte alikuwa peke yake. Akatafuta neno. Alikuwa na maneno ya wachungaji, ya polisi, ya wajane na ya wakaguzi wa tiketi. La huyu hakuwa nalo. Basi akaketi sakafuni, mbali kidogo, mgongo ukutani, akanyamaza. Mashine ikazunguka. Nguo za mtu fulani zikapanda, zikaanguka, zikapanda.

"Wewe unaongea sana," Bella akasema hatimaye.

Callixte akaitikia kwa kichwa.

"Sasa huongei. Ni vizuri zaidi."

Kesho yake alikwenda kwa Milly bila kamera. "Dada, hiyo salamu ya mkono. Haiwezekani kuiacha?"

"Mkono upi?" Milly akainua yake yote miwili. Ilikuwa imevaa kinyunga mpaka juu ya viwiko. "Ule nilikunyooshea kwa ajili ya picha, si wewe uliniambia nawa mikono? Hapa tukishikana mikono, tutabandikana mpaka Krismasi. Sisi huinua kiwiko. Hivi. Basi, mtu kashasalimiwa, anaenda kazini."

Callixte akainua kiwiko chake, akakijaribu. Jana yake alikuwa amejaribu kumfundisha mtoto kitu ambacho hakuna mwoka mikate duniani anayekifanya. Akakimbia kuifuata kamera.

Picha ya mwisho ilikuwa fupi. Kengele inalia, mlango unafunguka, Milly anageuka kutoka kwenye kinyunga, anainua kiwiko: "Bella! Aproni yako iko kwenye ndoano." Basi. Bella aliitazama mara moja. Akaitazama tena. Akaomba irudiwe mpaka chai ya Bibi ikapoa, ikapashwa, ikapoa. Halafu, humo chumbani, kati ya mashine za kufulia, akainua kiwiko chake kidogo, akikisalimia kitu ambacho wao wengine hawakukiona.

Bibi Fébronie akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Callixte akajishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Jumatatu ya prao ilifika na mvua nyembamba. Bibi na Callixte walisimama ng'ambo ya kiwanja, wamejibanza nyuma ya nguzo. Callixte alikuwa amejiambia kwamba amekuja kulinda malipo yake. Bella alivuka kiwanja peke yake, mkoba mgongoni, akihesabu vigae. Akafika mlangoni. Akanusa. Akaweka mkono kwenye kitasa.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani kabla hajauvuta. Akatoka mwanaume ambaye hakuwemo kwenye picha hata moja, dereva wa gari la maziwa, mtu mkubwa mchangamfu. Akamwona msichana, akatabasamu, akanyoosha mkono mpana kama koleo.

"Mungu wangu," Callixte akasema. "Huyo hatukumpiga picha."

Bella akasimama. Akarudi hatua moja. Callixte alikuwa ameshaanza kutoka nyuma ya nguzo, na Bibi akamvuta koti. "Mwache," akanong'ona. "Mwache kwanza."

Bella aliutazama ule mkono. Kisha akainua kiwiko.

Dereva akakitazama kiwiko. Akautazama mkono wake mwenyewe, kama aliyegundua kwamba amekuja na chombo kisichofaa. Akaurudisha mfukoni, akainua kiwiko chake, akashika mlango ukabaki wazi, akasogea pembeni kabisa ili msichana apite bila kuguswa. Kengele ikalia. Ndani ilisikika sauti ya Milly, na kicheko chake kikatoka mpaka kiwanjani.

Callixte aligundua kwamba amelishika bega la Bibi kwa nguvu. Akaliachia.

"Samahani, Mama."

"Hakuna neno. Na mimi nilikuwa nimekushika."

Jumamosi jumuiya ya Warundi ilikusanyika kwenye ukumbi wa Hallunda. Bibi alikuwa ameandaa shukrani: wali, nyama, mboga, na vikapu vya mikate midogo ya mdalasini. Bella alikuwa ameisuka mwenyewe, yote kwa kipimo kimoja, na hakuna aliyepata ulio mbovu. Callixte alikuja amepiga pasi skafu. Mfuko wa ndani wa koti alikuwa ameuondoa leso, kalamu na funguo, ili bahasha ipate nafasi ya kulala.

Alphonse, mwenyekiti, akagonga glasi kwa kijiko. Bibi Fébronie akasimama.

"Ndugu zangu. Mnajua nimeuza shamba la mzee. Wengi mmekuwa mkiniulizia, kwa upendo, pesa ziko wapi."

Watu wakacheka. Callixte akacheka kidogo kuliko wote.

"Ziko Ngozi. Zinakula majani. Nimenunua ng'ombe, kwa sababu sitaki wajukuu zangu wawe watu wasio na ng'ombe hata mmoja chini ya jua." Akamgeukia Callixte, na uso wake ulikuwa umejaa wema mtupu. "Mtu huyu aliniambia nimpe kinachomfaa mtu aliyemfungulia mtoto mlango. Nimetafuta. Pesa ni tusi. Kuna jike la rangi ya kahawia, lina baka jeupe kwenye paji. Callixte, mwanangu, nimekupa ng'ombe."

Ukumbi ukalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, Alphonse akainua mikono juu kama pembe ndefu na kuanza kucheza, vijana waliozaliwa Uswidi wakatoa simu kupiga picha.

Asiye Mrundi asome hapa polepole. Ng'ombe hapewi mtu yeyote. Ukipewa, hukatai, kumkataa ni kumtemea mtoaji usoni. Humwuzi, kumwuza ni kuuza urafiki. Huombi pesa badala yake, isipokuwa kama unataka jina lako lizikwe kabla yako. Unaposhukuru, unashukuru kwa maneno marefu, umesimama. Jike lake la kwanza likizaliwa, siku moja utalirudisha kwa aliyekupa. Na tangu saa hiyo wewe ni mtu wa nyumba yake. Akikuita, unakuja.

Callixte aliyajua yote hayo. Ndiyo maana alisimama taratibu kama mtu anayesimama ndani ya mtumbwi. Akafungua kinywa. Na kwa kuwa hakuwahi kuongea vibaya maishani mwake, aliongea vizuri kupita kiasi: akalisifu baka jeupe, akazisifu pembe ambazo hajaziona, akamwita ng'ombe Malkia wa Kilima, na kila sentensi nzuri ilimkaza kamba zaidi. Wazee wawili walilia.

Alipokaa, Bibi alimsogezea sahani iliyojaa.

"Mama," akanong'ona, "ulijua tangu lini?"

"Kwamba wewe si daktari? Tangu kahawa ya kanisani. Dafrosa amenizungusha kwa madaktari miaka kumi, mwanangu. Hakuna aliyewahi kukataa kutaja bei."

"Na ukaniacha?"

"Ningefanyaje? Walimu wanachoka, Dafrosa anafanya kazi mbili, mimi nina goti. Nilihitaji mtu mwenye muda, mwenye ulimi, na asiye na haya kukaa kwenye kiti cha kuzunguka mbele za watu. Mungu akakuleta umevaa skafu." Akamwongezea nyama. "Halafu uliketi chini, ukanyamaza. Nilikuona mlangoni, nimeshika chai. Mwizi hawezi kunyamaza vile."

Callixte akachukua kipande cha nyama. Hakupewa nafasi ya kukitafuna, kwa sababu mama mmoja, Elise, alikuwa ameshasimama nyuma yake na kijana wake mrefu aliyekuwa akitazama ukuta.

"Daktari, wangu anaogopa kupanda treni. Bibi Fébronie anasema wewe sasa ni mtu wa nyumbani."

Mpaka theluji ilipoanguka, zamu za chumba cha kufulia zilikuwa zimejaa, mzee wa ghorofa ya tatu akiwa ndiye anayezipanga. Callixte alifahamu kila kituo cha njia nyekundu ya treni kwa sauti ya milango yake. Alikuwa akilipwa kwa wali, soksi, na mikate ya mdalasini, na asubuhi alimbebea Milly unga, safari hii kwa mshahara na kodi. Sehemu ya mshahara huo ilikwenda Ngozi. Mchungaji wa ng'ombe alikuwa kijana mwenye adabu sana kwenye simu: Malkia anahitaji chumvi, Malkia anahitaji chanjo, zizi la Malkia limevuja. Ndiye alikuwa mtu wa kwanza duniani kumtoa Callixte pesa kwa maneno matupu, mwezi baada ya mwezi, bila kumwonesha kitu.

Ili kuwa na hakika, Callixte akamwambia apige video. Ikaja. Bella akaitazama mara mbili, akaitia kwenye kompyuta, akamwonesha kiti.

"Kaa. Vaa."

Callixte akavaa. Kilikuwa kilima cha kijani chini ya mawingu, na hapo mbele, akitafuna, amesimama ng'ombe wa kahawia mwenye baka jeupe kwenye paji. Kweli alikuwepo. Akageuza macho yake makubwa, akamtazama Callixte kana kwamba anamdai. Callixte alinyoosha mkono bila kujua, akapapasa, mkono ukatua juu ya mashine ya kukaushia iliyokuwa ikizunguka, yenye joto, ikitetemeka polepole kama ubavu.

"Nizungushe kidogo kushoto," akasema. "Nione tumbo."

Bella akazungusha kiti, sawasawa na picha.

"Ana mimba," Bella akasema.

"Na ndama akiwa jike, si wangu."

"Hapana," Bella akakubali, kwa kuwa ilikuwa kweli. "Ni wa Bibi."

Callixte akaendelea kukaa pale, mkono juu ya lile joto, na alipoulizwa kama avuliwe miwani, alisema bado kidogo.